Wataalamu Wenyeji Mbele ya Walimu: Lugha ya Mazungumzo kutoka Bumbire hadi Ndolage

Utangulizi

Kisiwa cha Bumbire kimo magharibi mwa Ziwa Viktoria, mkabala na nchi ya Ihangiro, na kiutawala ni sehemu ya Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Mwalimu wa kisiwani huvuka maji kwenda kazini, na huvuka tena anapoitwa bara kwa mkutano au semina. Mkoa uliofiwa na mamia ya watu katika meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 hauhitaji kuelezwa kwamba kuvuka ziwa si jambo la mzaha. Mzaliwa wa Kagera aliyefanikiwa katika taaluma yake, awe daktari, mchumi au mtaalamu wa lugha, anapoalikwa kuzungumza na walimu wa nyumbani, kwa kawaida husimama bara: Bukoba mjini, Muleba, Kamachumu. Ni nadra afike Bumbire. Anayefika Bumbire ni mwalimu aliyemsikiliza. Kwa hiyo kinachovuka ziwa si mzungumzaji wala sifa zake, bali ni yale maneno tu ambayo mwalimu anaweza kuyatamka tena kesho yake mbele ya watoto wa wavuvi.

Mazungumzo ya aina hii hupimwa kwa hamasa. Huulizwa kama walimu walifurahi, kama walipiga makofi, kama waliondoka na moyo mpya. Kipimo hicho si kibaya, ila ni cha jioni moja. Mhadhara huu unatumia kipimo kingine. Unadai kwamba historia ya wataalamu wenyeji mbele ya walimu wa Kagera ni, kwa sehemu kubwa, historia ya lugha: nani alisema, alisema kwa maneno ya nani, na kama msikilizaji alikuwa na nafasi ya kujibu. Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa katika mkoa ambao lugha ya nyumbani ya wengi ni Kihaya, na elimu ya juu ilipatikana kwa Kilatini, Kijerumani au Kiingereza, ukumbi wa walimu ulikuwa mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili kililazimika kubeba taaluma kabla hakijaandaliwa vya kutosha kwa kazi hiyo.

Mgeni wa mwaka 1875

Bumbire iliingia katika maandishi ya ulimwengu kwa mkono wa mgeni. Tarehe 28 Aprili 1875 Henry Morton Stanley, akiwa katika safari ya kulizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, alifika kisiwani kutafuta chakula. Wenyeji waliikokota mashua hadi nchi kavu, wakachukua makasia. Mabaharia walifaulu kuirudisha majini, na Stanley akawafyatulia risasi wenyeji. Mwezi Agosti mwaka huo huo alirudi na kikosi kikubwa kilichosaidiwa na mitumbwi ya Waganda, akawashambulia watu waliokusanyika ufukoni. Makumi waliuawa. Barua zake zilipochapishwa magazetini zilizua lawama kali hata Uingereza kwenyewe, lakini kitabu chake cha 1878, Through the Dark Continent, kilisomwa sana, na kwa miaka mingi msomaji wa mbali hakuwa na habari nyingine juu ya Bumbire.

Kwa mtafiti wa lugha kuna jambo la kuangaliwa zaidi ya vita vyenyewe. Kabla ya risasi kulikuwa na maneno, na kwa kiasi kikubwa aliyeyasema hakuwa Stanley. Kazi ya kuwasihi wenyeji iliachiwa watu wa Pwani waliokuwa katika mashua, hasa Safeni, msimamizi wa mabaharia, na mwenzake Baraka. Hao walikuwa wasemaji wa Kiswahili, waajiriwa wa safari ya mtu mwingine, na walichosema pale ufukoni kimetufikia kwa Kiingereza cha mwajiri wao. Walichojibu wenyeji kimetufikia kwa njia hiyo hiyo, tena kikiwa kimepunguzwa hadi kuwa kelele na vitisho. Kisiwa kilisimuliwa bila kupewa zamu ya kusimulia. Ndiyo maana suala la nani anasimama mbele ya walimu wa Ihangiro na kusema juu ya nchi yao, na kwa lugha gani, halikuwa jipya hata pale lilipoanza kuitwa semina.

Mwalimu kati ya lugha mbili

Wajerumani waliweka kituo chao Bukoba mnamo Novemba 1890. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na mwaka 1904 wakaingia Rubya, katika Ihangiro, ambako seminari yao ilikuja kuwa chimbuko la wasomi wengi wa eneo hilo. Wamisionari wa Bethel walifika mwaka 1910, wakawakuta Wahaya waliokuwa tayari wameanza kusali Kiprotestanti kwa mvuto wa Uganda. Mgawanyiko wa lugha ulifuata mgawanyiko wa kazi: ibada na mafundisho ya dini yalikuwa kwa Kihaya, karani na mahakama walitumia Kiswahili, na elimu ya juu ilikuwa kwa lugha za Ulaya. Mwalimu wa shule ya misheni alisimama katikati. Aliomba kwa lugha moja, akapokea waraka kwa nyingine. Baada ya 1923, aliyetaka kusoma habari za walimu wenzake wa nchi nzima alizipata kwa Kiswahili katika gazeti la Idara ya Elimu, Mambo Leo.

Katika mazingira hayo wataalamu wenyeji wa kwanza kusimama mbele ya walimu walikuwa watu wa dini. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, alipitia Rubya na Katigondo, akapata upadre mwaka 1943, akasoma sheria za Kanisa huko Roma, kisha akawa askofu aliyeishi Rutabo, katika eneo ambalo sasa ni Muleba. Mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa mwalimu kabla ya kusoma teolojia Ujerumani na baadaye Boston. Alikuwa askofu kuanzia 1964, na kuanzia 1977 hadi 1984 alikuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Hakuna mwalimu wa Kagera wa kizazi hicho ambaye hakuwajua watu hawa wawili.

Hata hivyo, ni kosa kuyachukulia mazungumzo ya askofu na walimu wake kuwa sawa na mazungumzo ya mtaalamu mgeni. Kabla ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya serikali, aliyesimama mbele ya mwalimu wa misheni alikuwa pia kichwa cha taasisi iliyomwajiri. Mwalimu aliposikiliza, alisikiliza kama mwumini na kama mtumishi. Anaweza kuwa alipata faraja kubwa, na wengi walipata, lakini swali gumu aliondoka nalo. Baada ya 1969 msemaji wa dini alipoalikwa shuleni alikuja kwa heshima yake tu, bila daftari la mishahara, na hapo ndipo mazungumzo yalipoweza kuwa ya pande mbili. Mabadiliko hayo hayatajwi sana katika historia ya elimu ya mkoa, pengine kwa sababu hayakuandikwa katika sheria yoyote.

Lipo pia jambo la kukumbuka kuhusu neno mwenyeji. Barbro Johansson alizaliwa Sweden, akaja Bukoba katika miaka ya 1940 na kufundisha katika shule ya wasichana ya Kashasha. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa tiketi ya TANU kabla ya Uhuru, akachukua uraia wa nchi hii, kisha akawa mkuu wa shule ya wasichana ya Tabora. Walimu wa kike waliopita mikononi mwake wangeshangaa kuambiwa kwamba Mama Barbro alikuwa mgeni.

Morogoro, 1966

Mazungumzo mashuhuri kuliko yote kwa walimu wa Tanzania hayakufanyika Kagera. Yalifanyika Morogoro, tarehe 27 Agosti 1966, Julius Nyerere alipofungua Chuo cha Ualimu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ziwa, mzaliwa wa Butiama, ng'ambo ya mashariki, na alikuwa ameacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili afanye kazi ya TANU. Hoja yake siku ile ilikuwa kwamba jamii hukosea inapowaona walimu kuwa watu wasio na mamlaka. Mwenye kuunda mawazo ya watoto, alieleza, ana nguvu juu ya taifa la kesho kuliko wengi wanaoonekana kuwa wakubwa, na nguvu hiyo inaweza kutumika vizuri au vibaya.

Hotuba hiyo inastahili kusomwa kwa makini na yeyote anayetaka kuwatia moyo walimu, kwa sababu haikuwasifu tu. Iliwapa mzigo. Msemaji aliyepanda cheo kupita ualimu hakuwaonyesha wasikilizaji wake njia ya kuutoka ualimu, na hapa ndipo wageni wengi wa baadaye walipoteleza. Mtaalamu anayewasimulia walimu jinsi alivyosoma kwa shida, akapata nafasi ng'ambo, akafanikiwa, huwa anasimulia, bila kukusudia, hadithi ya mtu aliyeokoka na kijiji. Mwalimu aliyebaki kijijini huisikia sehemu hiyo pia. Nyerere aliikwepa hatari hiyo kwa kusema habari za kazi badala ya habari za maisha yake.

Lakini maandishi ya hotuba hiyo yanayofahamika zaidi ni yale ya Kiingereza, katika mkusanyiko wa Freedom and Socialism wa mwaka 1968. Miezi saba baada ya Morogoro kilitolewa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, na katika mwaka huo huo wa 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Yaani mwalimu aliambiwa ana nguvu, na muda mfupi baadaye akakabidhiwa lugha ambayo angeitumia kuionyesha. Istilahi za hesabu, sayansi na kilimo zilikuwa bado zinatafutwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka huo huo.

Bwana shamba na bwana samaki

Mahali ambapo wataalamu wasio maarufu walisaidia kuijaza lugha hiyo palikuwa elimu ya watu wazima. Kati ya 1968 na 1972 mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, uliokuwa na makao yake Mwanza, uliendeshwa katika mikoa ya ziwa, ukiwemo Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa hadi mwaka 1979. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima ajifunze kusoma kwa maneno ya kazi yake. Vitabu vya kusomea viliandikwa kwa Kiswahili kufuata kazi hizo: pamba kwa Wasukuma, migomba kwa Wahaya, uvuvi kwa watu wa mwambao na visiwani, na kadhalika.

Kwa mradi wa namna hiyo mwalimu wa shule ya msingi peke yake hakutosha. Yeye alijua herufi. Bwana shamba ndiye aliyejua kwa nini mche wa mgomba hung'olewa kwenye shina lenye fukusi na kutupwa, na bwana samaki alijua ukubwa wa tundu la nyavu na sababu yake. Ilibidi wakae pamoja. Hao walikuwa wataalamu wenyeji kwa maana kamili ya neno, ingawa hakuna aliyewaita wageni rasmi, na huenda ndiyo sababu historia imewasahau. Walichokileta kwa walimu hakikuwa hamasa. Walileta maneno: mbegu, dawa, kipimo, wavu, msimu, mengi yakiwa tayari katika Kiswahili lakini yakipewa sasa mipaka ya kitaalamu. Kisiwani, ambako mwalo mmoja unaweza kukusanya Wahaya, Wazinza, Wakerewe, Wajita na Wasukuma, Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara ya samaki kabla ya kuwa lugha ya somo la uvuvi, na mwalimu wa visiwani alikuwa na faida hii juu ya mwenzake wa bara, kwamba wanafunzi wake walimpa maneno naye akawapa maandishi.

Njia hiyo ilipanuliwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza, iliwafikia watu wazima wapatao 2,000,000 nchini. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974 na elimu ya msingi kwa wote, na vijana waliohitimu darasa la saba wakafundishwa ualimu kwa njia ya posta, redio na wakufunzi waliowatembelea katika vituo. Walimu hao wametukanwa sana. Lakini wao ndio waliojaza madarasa ya vijijini na visiwani katika mkoa uliokuwa umetoka tu kwenye vita vya 1978 na 1979, na mkufunzi aliyewafikia kwa baiskeli alikuwa, kwa wengi wao, mtu wa kwanza mwenye cheti kuketi nao na kujadiliana juu ya kazi.

Ndolage, 1983: neno lisilotamkika

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana katika hospitali ya Ndolage, Kamachumu. Uchunguzi uliofanywa mkoani mwaka 1987 kwa ushirikiano wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Umeå ulionyesha kwamba katika Bukoba mjini asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha asilimia 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Kati ya tarakimu hizo kuna makaburi, mayatima na madarasa yaliyobaki bila mwalimu. Hapakuwahi kuwapo wakati ambapo ilikuwa muhimu kuliko huo kwa mganga wa Kagera kusimama mbele ya walimu wa Kagera, na semina kwa walimu zikawa sehemu ya kawaida ya mapambano.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Watu waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la vazi la fasheni lililoletwa na wachuuzi wa magendo kutoka Uganda. Waliuita pia silimu, kwa jinsi ulivyokondesha. Majina hayo yalikuwa na nadharia ndani yake. Juliana lilisema kwamba ugonjwa ni wa wafanyabiashara na wanawake wanaopenda vitu vizuri, na kwa hiyo si wa mkulima wala wa mwalimu. UKIMWI, kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini, lilikuwa jina la aina nyingine kabisa. Halikumtaja mtu wala mahali wala tabia; lilitaja kinachotokea mwilini, kwa neno la zamani, kinga, ambalo kila mzazi alilijua kutoka kwenye chanjo. Halikuenea kwa siku moja. Shirika la WAMATA lililoundwa mwaka 1989 lilijiita Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, na jina hilo linaonyesha jinsi istilahi mbili zilivyoishi pamoja.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi: tafsida. Mganga aliyesomea Muhimbili au ng'ambo alikuwa na maneno yake, na ya Kiswahili kati ya hayo yalikuwa makavu. Ngono ni mfano mzuri. Kwa msemaji wa adabu wa miaka ya 1980 hilo halikuwa neno la kusemwa na mtu mzima mbele ya watoto, sembuse mwalimu wa kike mbele ya darasa lenye vijana wa kiume. Wasemaji walikuwa na njia nyingi za kulizunguka: kulala pamoja, kukutana kimwili, mambo ya wakubwa. Kila moja ya njia hizo ina heshima yake, na kila moja ina tundu ambamo maana inaweza kuponyoka. Mtoto aliyeambiwa kwamba ugonjwa huambukizwa kwa kulala pamoja, naye analala na kaka zake wanne kwenye mkeka mmoja, amefundishwa hofu asiyoistahili na hajafundishwa hatari halisi.

Hapa mtaalamu mwenyeji alikuwa na kitu ambacho mtaalamu kutoka mbali hakuwa nacho. Aliyelelewa Ihangiro alijua ni maneno gani yanatamkika mbele ya mama mkwe na yapi hayatamkiki, na alijua kwamba mwalimu wa kijijini au kisiwani hununua samaki kwa mzazi yule yule ambaye mtoto wake atamfundisha kesho. Mwalimu huyo akionekana mhuni, amepoteza kisiwa kizima. Kwa hiyo semina iliyofaa haikuwa ile iliyowaagiza walimu waache aibu. Ilikuwa ile ambamo mganga na walimu walitafuta pamoja neno linalosemeka na ambalo halidanganyi. Kujamiiana lilipata nafasi yake kwa njia hiyo, na hata ngono lenyewe lilisafishwa kwa kutumiwa katika miktadha ya afya hadi likaweza kuandikwa kwenye mabango, katika ngono salama na ngono zembe. Kitenzi cha siku nyingi, kunyanyapaa, kilipata nomino iliyotumika kila mahali, unyanyapaa. Wakati huo huo vijana walikuwa wakitunga yao, ngoma na miwaya, na mwalimu asiyeyajua hayo alikuwa akizungumza peke yake.

Ni jambo la fahari kwa taaluma ya Kiswahili kwamba mchakato huu ulichunguzwa na mtu wa huko huko. Aldin Mutembei, aliyetetea tasnifu yake Leiden mwaka 2001, alikusanya ushairi simulizi wa Kihaya juu ya UKIMWI na kufuatilia jinsi sitiari zilivyobadilika kadiri watu walivyozidi kuuelewa ugonjwa. Baadaye aliandika juu ya UKIMWI katika fasihi ya Kiswahili, na akatunga riwaya ya Kisiki Kikavu. Kabla yake Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa mwingine wa Kagera, alikuwa ameandika tasnifu juu ya tendi za enanga za Wahaya mwaka 1986, na mwaka 1989 akachapisha katika jarida la Mulika makala ya tanzu za fasihi simulizi ambayo walimu wa sekondari wameitumia tangu hapo. Wote wawili walifanya jambo ambalo wageni wengi wenye sifa hawalifanyi: walianza kwa kuwasikiliza watu wa nyumbani, ndipo wakasema. Mwalimu wa fasihi anayekutana na kazi zao huona kwamba bibi yake alikuwa na utanzu.

Risala na hotuba

Inabaki hoja ya kujibu. Msamiati wa mikutano ya walimu umebadilika sana katika miaka thelathini iliyopita. Mhadhara ni neno la Kiarabu na lina harufu ya chuo kikuu. Semina ilitoka Kiingereza ikaenea pamoja na siasa ya chama. Warsha na kongamano zilifuata, na pamoja na mbinu shirikishi akaja mwezeshaji, mwenye bango kitita na kalamu rashia, ambaye kwa nadharia hafundishi bali huwawezesha wengine wajifunze. Majina haya mapya yanaahidi usawa, na mara nyingine huutoa. Lakini mara nyingi mwezeshaji huja na majibu yaliyokwisha kuandikwa katika mwongozo, na kazi za vikundi huwa njia ndefu ya kuyafikia.

Mfumo wa zamani wa mgeni rasmi, unaochekwa kwa urasmi wake, una kitu ambacho warsha nyingi hazina. Ni risala. Kabla mgeni hajasema neno, walimu humsomea risala. Kwa asili risala ni ujumbe au barua, na katika Kiswahili cha Tanzania limekuwa jina la utanzu wenye kanuni zake: salamu na shukrani, historia fupi ya shule au chama, mafanikio, matatizo, maombi. Mgeni hawezi kuikwepa. Hotuba yake ni lazima ifike mahali pa kusema kwamba anajibu risala, na ukumbi mzima unangoja pale. Katika maadhimisho ya Siku ya Walimu, tarehe 5 Oktoba, risala ya chama cha walimu husikilizwa kwa makini kuliko hotuba inayoifuata, na wanaosikiliza kwa makini kuliko wote ni wale watakaoulizwa baadaye kwa nini hayo yalisemwa hadharani.

Wanaisimu wa Kiswahili wameshughulika sana na hotuba na kidogo sana na risala, ingawa ndiyo nathari rasmi ambayo maelfu ya walimu wameiandika kwa mikono yao. Lugha yake ina hila. Malalamiko huvaa joho la shukrani. Ukosefu wa nyumba huitwa changamoto. Madai ya mishahara huletwa kwa sauti ya mwana kwa baba. Mtaalamu mwenyeji aliyekua katika nyumba ya mwalimu huitambua hila hiyo mara moja na hujibu kilichokusudiwa. Mgeni wa mbali hujibu kilichosemwa.

Mwalimu wa kisiwani anapopewa kazi ya kuandika risala ya wenzake ana mambo ambayo wa bara hana: nauli ya boti, dhoruba zinazofunga njia siku ya mshahara, wanafunzi wanaotoroka kwenda dagaani, mwenzake aliyepangiwa kituo akafika ufukoni, akatazama maji, akarudi. Huyaandika katika aya ya matatizo, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili sanifu, na kuyasoma mbele ya daktari au profesa aliyezaliwa vijiji viwili kutoka pale. Kisha hukunja karatasi, humkabidhi mgeni kwa mikono miwili, na kurudi kuketi.